Leseni ukutani, mtungi mkavu mlangoni

Mitungi ile ingalipo katika mitaa mingi ya jiji la Nairobi. Imesimama mlangoni mwa maduka, hoteli na saluni, mingine ikiwa juu ya vyuma vilivyochomelewa na mafundi wa jua kali, vyenye kikanyagio cha kufungulia maji kwa mguu. Ukijaribu kukanyaga leo, aghalabu hutapata hata tone. Kile kipande cha sabuni kilichokuwa kimetiwa ndani ya wavu kilitoweka zamani. Mmoja wa mitungi hiyo, karibu na steji ninaposhukia, siku hizi hutiwa maganda ya ndizi na magunzi ya mahindi.

Lakini hebu ingia ndani ya duka hilo hilo. Ukutani utaiona leseni ya biashara ikiwa ndani ya fremu ya kioo. Kama ni hoteli, kando yake vitakuwapo vyeti vya afya vya wapishi na wahudumu. Makaratasi yote yamekamilika. Kilichokosekana ni maji.

Jambo hili limenifikirisha sana. Je, leseni ni ya kumkinga mteja, au ni ya kumkinga mwenye biashara dhidi ya askari wa kaunti? Na yale tuliyofundishwa kwa gharama kubwa wakati wa korona yamekwenda wapi?

Wanafunzi wanaosoma makala haya pengine wanakumbuka tu kwamba shule zilifungwa. Sisi wazazi tunakumbuka zaidi. Mnamo Machi 13, 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona alikuwa amepatikana hapa nchini. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Ilipofika Machi 27, kafyu ilianza, na kila mtu akatakiwa awe nyumbani saa moja jioni.

Biashara zilipata masharti yake. Mabaa yalifungwa. Hoteli ziliruhusiwa kuuza chakula cha kubeba tu, na zilipokubaliwa kufungua tena mwishoni mwa Aprili, ilikuwa kwa sharti kwamba wafanyakazi wapimwe, meza zitenganishwe na kila mteja apimwe joto mlangoni. Matatu ya abiria 14 ilitakiwa kubeba wanane. Aliyepatikana hadharani bila barakoa aliweza kutozwa faini isiyozidi Sh20,000 au kufungwa hadi miezi sita.

Wengi walilalama, na walikuwa na haki ya kulalama, kwa maana tumbo halijui tangazo la serikali. Hata hivyo, kulikuwa na bidii ya ajabu. Mafundi wa jua kali walioacha kuunda milango na majiko walianza kuunda vyombo vya kunawia. Mtoto wa miaka tisa kutoka Bungoma alitengeneza chombo cha mbao cha kunawia mikono bila kugusa mfereji, na mwezi Juni mwaka huo akatuzwa na Rais. Ilionekana kana kwamba taifa zima limerudi darasani.

Mke wangu ana saluni ndogo mtaani Umoja. Ina viti vinne, draya mbili na dirisha moja. Saluni si mahali pa kukaa mbali na mwenzio. Msusi husimama nyuma ya mteja kwa saa tatu au nne, pumzi zao zikikutana. Kama kuna kazi iliyofaa kuogopwa wakati huo, basi ilikuwa hiyo, pamoja na ya kinyozi, ya daktari wa meno na ya kondakta wa matatu.

Mwanamke huyu hakungoja bwana afya aje. Aliondoa viti viwili. Dirisha lililokuwa halifunguki kwa sababu ya rangi iliyokauka, alimwita seremala akalifungua kwa patasi. Wateja walianza kuja kwa miadi, kila mmoja na saa yake, badala ya kujazana kwenye benchi wakipiga domo. Taulo ilitumiwa kwa mteja mmoja kisha ikafuliwa kwa maji moto na kuanikwa juani. Vitana vilioshwa kwa sabuni kwanza, ndipo vikatiwa katika maji ya klorini.

Hilo la kuosha kwanza ni la muhimu, nami naomba lisipuuzwe. Watu wengi hudhani dawa ya kuua viini hufanya kazi kama uchawi, kwamba ukiinyunyiza juu ya kitana kilichojaa nywele na mafuta, basi kimetakata. Sivyo. Uchafu hukizuia kiini kisifikiwe na dawa. Aidha, dawa huhitaji dakika kadhaa kabla ya kufutwa. Kinyozi anayepuliza spiriti juu ya mashine na papo hapo kuipeleka kisogoni mwa mteja mwingine anamfurahisha mteja kwa harufu tu.

Sabuni nayo haifai kudharauliwa kwa kuwa ni rahisi. Kirusi cha korona kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo jinsi inavyoondoa mafuta kwenye sufuria. Anayenawa kwa sekunde 20 amejikinga vizuri kuliko anayejipaka sanitaiza hafifu iliyopungukiwa na kileo. Ile inayofaa huwa na kileo kisichopungua asilimia 60.

Siku moja ya Mei 2020 alikuja saluni mama mmoja wa makamo, mteja wa miaka mingi. Alikuwa akijiandaa kwenda mazishini, wakati ambapo mazishi yenyewe yaliruhusiwa jamaa 15 tu. Alikuwa akikohoa.

“Mama Wairimu, kwani utanifukuza mimi?” akauliza. “Mimi niliyekuja hapa tangu siku ya kwanza?”

“Sikufukuzi, mama,” mke wangu akajibu. “Kaa hapo kibarazani nikuletee chai. Kichwa tutakisuka ukipona, na zamu yako sitampa mtu. Nina mteja mwingine ndani, mwalimu mstaafu, ana kisukari. Nikikuingiza, nitamwambia nini?”

Yule mama alikunywa chai kwa hasira, akafunga kitambaa, akaenda zake. Alirudi baada ya mwezi mmoja, mzima, na hajaacha kuja hadi leo. Mteja akielezwa kwa heshima sababu ya kanuni, hata akinuna, mwishowe huelewa kwamba siku nyingine kanuni hiyo hiyo itamkinga yeye.

Lakini mtihani uliokuwa mgumu zaidi haukutoka kwa wateja. Ulitoka ndani.

Msusi mmoja, mama wa watoto wawili, alianza kuvaa barakoa mbili. Mke wangu alidhani ni bidii. Siku ya tatu akamkuta nyuma ya saluni akikohoa ndani ya leso, kwa siri, jinsi mwanafunzi anavyojificha kuvuta sigara.

“Tangu lini?”

“Tangu Jumapili, Mama.”

“Mbona hukusema?”

“Nikisema utaniambia nikae nyumbani. Na nikikaa nyumbani, watoto watakula nini?”

Mke wangu aliniambia jioni hiyo kwamba swali hilo lilimkata maini. Mitungi ya maji, alama za rangi sakafuni, kipimajoto mlangoni, vyote vilikuwa vimeshindwa na swali la maneno machache. Msusi yule hakuwa mkaidi wala mjinga. Alijua hatari kama tulivyoijua sisi. Ila malipo yake yalikuwa sehemu ya fedha za kila kichwa alichosuka. Asiposuka, hapati.

Hatukupata kujua kama ilikuwa korona au homa ya kawaida, maana kupimwa katika hospitali za kibinafsi kuligharimu maelfu ya shilingi. Alikaa nyumbani siku kumi, na mke wangu akampa fedha kutoka mfuko wake mwenyewe. Lakini mfuko wa mtu mmoja una kina gani? Hapo ndipo lilipotokea lile ambalo katika saluni hiyo wanaliita mkebe wa homa. Kwa kila kichwa kinachosukwa, msusi hutia Sh20, na mwenye saluni hutia Sh20. Mteja haongezewi hata senti. Anayeugua kikohozi, homa au kuhara hupokea Sh300 kwa siku hadi arudi. Ni fedha kidogo, lakini zinatosha unga, mboga na mafuta. Tangu mkebe huo uwekwe, hakuna aliyeficha kikohozi, kwa kuwa hakuna anayelipwa kwa kuficha.

Sheria, kwa hakika, inalitambua jambo hili. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba mfanyakazi aliyetumika miezi miwili mfululizo anastahili likizo ya ugonjwa isiyopungua siku saba kwa mshahara kamili, kisha siku saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12, mradi awe na cheti cha daktari. Ni sheria nzuri. Lakini ni wasusi wangapi, vinyozi wangapi, wahudumu wangapi wa vibanda vya chakula, makanga wangapi wenye barua ya kuajiriwa? Hawa wanaogusa vichwa vyetu, vyakula vyetu na nauli zetu ndio walio mbali zaidi na kivuli cha sheria hiyo. Sisi wateja tunadhani shida hiyo ni yao, kumbe ni yetu pia.

Nikitazama nyuma, naona kwamba katika masharti yale kulikuwa na kinga na kulikuwa na maonyesho. Maonyesho yalipendwa zaidi kwa sababu yalionekana. Chukua kipimajoto cha bastola. Askari wa mlangoni alikuelekezea kwenye kifundo cha mkono, akasoma nambari asiyoijali, akakupungia uingie. Ilhali mgonjwa wa korona aliweza kuambukiza wengine siku mbili kabla ya kuhisi dalili yoyote, na wengine hawakupata homa kabisa. Au vile vichochoro vya kunyunyizia watu dawa vilivyowekwa kwenye masoko na vituo vya mabasi. Mwezi Mei 2020 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilionya kwamba kuwanyunyizia watu dawa hakuwaondolei virusi walivyo navyo mwilini, na kwamba kunaweza kuwadhuru macho na ngozi.

Kinga yenyewe ilikuwa mambo ya kawaida yasiyovutia wapiga picha: dirisha lililofunguliwa, mikono iliyonawiwa, mgonjwa aliyebaki nyumbani. Dirisha hasa halikupewa heshima yake. Mwanzoni tulisugua meza na vitasa vya milango hadi rangi ikatoka, na baadaye wataalamu wakakubaliana kwamba ugonjwa huu huenezwa sana na hewa ya ndani iliyosimama. Fikiria moshi wa sigara. Mtu mmoja akivuta ndani ya chumba kilichofungwa, hata aliye pembeni ataunusa. Fungua dirisha na mlango unaolikabili, moshi utapungua. Pumzi ya mgonjwa nayo huenda hivyo.

Basi kwa nini mengi ya mazoea yale yamekufa? Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, na Machi 2022 serikali ikaondoa sharti la kuvaa barakoa hadharani. WHO nayo ikatangaza mwezi Mei 2023 kwamba korona si dharura ya dunia tena. Ilikuwa sawa amri hizo ziondolewe wakati wake ulipofika. Lakini mkono mchafu haukuwa safi kwa sababu amri imeondolewa.

Nadhani jibu liko kwa kinyozi, nalo ni la zamani kuliko korona. Waliokuwa watu wazima katika miaka ya tisini watakumbuka hofu ya Ukimwi, ambao Rais Daniel arap Moi alitangaza kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999. Kabla ya hofu hiyo, wembe mmoja uliweza kuzunguka vichwa vya wanaume kadhaa. Ndipo watu wakaanza kwenda kwa kinyozi wakiwa na wembe wao mfukoni, au kudai mpya ufunguliwe karatasi mbele ya macho yao. Miaka mingi imepita, na hadi leo kijana asiyejua asili ya desturi hiyo hukunja uso akiona kinyozi anataka kutumia wembe uliokwisha kutumiwa.

Desturi ya wembe imedumu, mtungi umekauka. Tofauti ni nini? Wembe ulidaiwa na mteja. Mtungi uliwekwa kwa ajili ya askari. Askari alipoacha kuja, maji yaliacha kutiwa. Lakini mteja haachi kuja, na kwa hiyo anachokidai hakiachi kufanywa.

Wapo watakaosema korona imepita, ya nini kuyafukua? Nawaomba watazame mambo yaliyotokea kabla na baada yake. Mnamo 2017 kipindupindu kiliwapata watu hapa Nairobi waliokula katika mikutano ya heshima na hoteli za kifahari, wala si katika vibanda vya mabanda peke yake. Kilirudi tena nchini mwishoni mwa 2022. Mnamo Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox hapa Kenya alitangazwa, na ugonjwa huo huenezwa kwa kugusana ngozi na hata kwa taulo na nguo za mgonjwa. Na kifua kikuu, ambacho kiini chake kiligunduliwa na Robert Koch mnamo 1882, hakijawahi kutuacha. Kinapenda chumba kisicho na hewa na matatu yenye madirisha yaliyofungwa.

Ukiyaweka magonjwa hayo matatu pamoja na korona, utaona kwamba kinga zake si tofauti. Ni zile zile: maji na sabuni, hewa, chombo safi, na mgonjwa anayeweza kupumzika bila kufa njaa.

Wasomi wasidhani nawasema mafundi tu. Wenye shahada na leseni za kitaalamu wamo pia. Mnamo 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwahudumia wazazi wodini, na vifo vya akina mama vikapungua sana. Badala ya kushukuriwa, alipingwa na wenzake wengi, ambao hawakukubali kwamba mkono wa daktari unaweza kubeba mauti. Kwetu, watumishi wa afya walilipa kwa maisha yao: mwezi Julai 2020 taifa liliomboleza kifo cha daktari wa kwanza nchini kuangamizwa na korona. Kwa heshima yao, daktari anayefungua pakiti ya glavu mpya mbele yako anastahili shukrani, na asiyefungua anastahili kuulizwa.

Na kuulizwa ndiko ninakokuombea, mpenzi msomaji. Sisi Wakenya tuna haya ya ajabu. Tutamgombeza kondakta kwa shilingi kumi za chenji, lakini tutanyamaza kinyozi anapotufuta uso kwa taulo iliyomfuta mwingine. Tunaona ni utovu wa adabu kusema. Lakini mtu anaweza kusema kwa adabu. “Kaka, naomba uioshe mashine kwanza.” “Dada, tufungue dirisha kidogo?” “Mama, maji ya kunawa yako wapi?” Hakuna aliyetukanwa hapo. Mwenye kazi akiulizwa swali hilo hilo na wateja watano kwa siku, kesho yake atakuwa na jibu kabla ya kuulizwa.

Wazazi, wafundisheni watoto maswali hayo mapema, maana kijana wa chuo ndiye anayekula kwenye kibanda kila siku na kunyolewa kila wiki mbili. Na wewe mwenye biashara, kabla ya kununua fremu mpya ya leseni, muulize anayekufanyia kazi: siku akiamka na homa, atakuambia au atakuficha? Jibu lake litakuambia kama wateja wako wako salama. Ikiwa atakuficha, usimkasirikie. Tafuta mkebe, tia Sh20 zako za kwanza, umwonyeshe mahali ulipouweka.